Talaka Iliyofungwa Kamba Tatu

Kama hukumjua Isihaka wa Mazingara, basi hujapata kumwona mtu anayejua kufunga mzigo. Ujana wake wote uliishia kwenye shamba la katani upande wa Korogwe, kwenye mashine ya kukandamiza marobota, na huko alitoka na jambo moja ambalo hakuliacha mpaka mvi zikamwota: kamba tatu. Robota la kamba mbili, alisema, lilikuwa likipasukia njiani, na lawama zote zinamrudia aliyelifunga. Basi hata alipoacha katani akarudi kwao Mazingara, Handeni, kulima mahindi na mihogo, kila kitu chake kilifungwa mara tatu. Gunia kamba tatu, mlango wa zizi la mbuzi kamba tatu. Mkewe Mwaija akitaka kutoa jembe tu kwenye furushi la zana, asubuhi yote inaishia kwenye mafundo.

"Baba Chausiku," alikuwa akimwambia, "siku moja utajifunga na wewe, nikose wa kukufungua."

Isihaka anacheka, anaongeza kamba. Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri. Walikuwa na binti mmoja, Chausiku, aliyeolewa Kilole pale Korogwe. Nyumba ilikuwa tulivu, na hakuna aliyewahi kusikia sauti ikipanda humo.

Mwaka wa hamsini na tano, Ramadhani ilipokwisha tu, Isihaka akauza ng'ombe wake na kutangaza kwamba anakwenda Hija. Watu walishika midomo. Enzi zile za Mwingereza, kutoka Mazingara kwenda Makka halikuwa jambo la kusema leo ukaondoka kesho. Lori mpaka Korogwe, gari moshi mpaka Tanga, meli mpaka Mombasa, halafu meli nyingine mpaka Jidda, na huko kote kuna homa, kuna kuhara, kuna wezi. Waliokwenda hawakurudi wote, na familia zao hazikuuliza sana. Mtu akifunga safari ile, anafunga na mauti yake humo humo.

Na Isihaka alifunga kweli! Alikwenda Handeni mjini kwa Tayabali, mwenye duka la vitambaa ambaye mwenyewe alikwisha kuhiji, akamkalisha chini kumhoji kama hakimu. Ukiumwa melini unakula nini? Maji yakiharibika unafanyaje? Ukipotezana na wenzako unamwendea nani? Tayabali alijibu mpaka chai ikapoa. Isihaka akarudi na sanduku la bati, kwinini, sindano na uzi, na ndimu ambazo Mwaija alizikausha juani na kuzitia chumvi. Mwaija akatwanga tangawizi, akaoka mikate mikavu, akashona mfuko wa ndani wa kuficha pasi ya kusafiria na karatasi ya chanjo. Chini kabisa ya sanduku akaweka sanda. Aliikunja yeye mwenyewe, akaitia karafuu maiti, na mikono haikumtetemeka. Kila anayekwenda Hija alibeba sanda yake, na mke mwema ndiye anayeikunja.

Sanduku likafungwa kwa kamba za katani. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Usiku wa kuamkia safari kukawa na kisomo. Wageni walipotawanyika, Isihaka akawazuia watu wawili barazani: Mwalimu Athuman wa chuo cha Kurani, na jirani yake Sadala, ambaye walikuwa wanakwenda pamoja. Mwaija alikuwa akitoka ndani na sinia la wali wa mwisho aliposikia jina lake. Akasimama pale pale mlangoni.

"Mwalimu, na wewe Sadala, shuhudieni," Isihaka alisema. "Ukiandama mwezi wa Ramadhani ijayo nami sijakanyaga ndani ya nyumba hii, basi mke wangu Mwaija ameachika kwangu, talaka tatu."

Lahaula! Sinia lilimtoka Mwaija mikononi. Wali ukamwagika, kuku wa jirani waliolala wakaamka kwa kishindo. Mume aliyelala naye maisha yake yote, mume ambaye asubuhi ile alimkunjia sanda, anamwacha mbele ya watu kama mtu anayetupa ganda la muhogo!

"Isihaka, una wazimu?" Mwalimu Athuman aliruka. "Mwanamke kakukosea nini?"

"Hajanikosea hata siku moja," Isihaka alijibu. "Ndiyo maana nasema hivi. Mnamkumbuka dada yangu Hamisa?"

Nani asiyemkumbuka Hamisa? Mumewe alichukuliwa upagazi katika vita ya Wajerumani, akaondoka na mzigo kichwani na habari zake zikaishia hapo. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona hai. Hamisa akabaki si mke, si mjane. Shemeji zake hawakumruhusu kuolewa wala hawakumlisha, wakamlimisha mashamba yao mpaka mgongo ukapinda, na alikufa akiwa bado anamngoja mtu.

"Ninajiandaa na mabaya yote," Isihaka alisema. "Nikifa nina sanda. Nikiumwa nina dawa. Lakini nikipotea, je? Mdogo wangu Hiza mnamjua. Atamfanyia Mwaija kama alivyofanyiwa Hamisa. Mahujaji hurudi kabla mwaka haujafika nusu, na mimi nimetoa mpaka Ramadhani. Nisipoonekana mpaka hapo, basi awe huru na maisha yake."

Mwalimu Athuman alikaa tena barazani, maana maneno yalikuwa na maana yake. "Haya. Basi sema moja. Talaka moja inatosha. Ukichelewa ukarudi, unamrejea mkeo, mnaendelea. Tatu ni mlango uliofungwa, Isihaka. Humpati tena mpaka aolewe na mwanamume mwingine na aachwe na huyo."

Sasa hapa ndipo unapotaka kumshika mtu mabega umtikise! Mwalimu kamwambia, kamwonyesha na njia. Lakini Isihaka alitikisa kichwa kwa ukaidi ule ule wa kwenye marobota.

"Moja inafunguka, Mwalimu. Hiza atasema nilikuwa natania, atasema nimemrejea kwa barua, ataleta na mashahidi wa uongo. Nimesema tatu. Imefungwa."

Mwalimu na Sadala walipoondoka, Mwaija alizoa wali chini, punje kwa punje, na machozi yakimdondoka juu yake. Isihaka akaja kuchutama karibu naye.

"Mama Chausiku, nimefanya kwa ajili yako."

"Uliniuliza?"

Isihaka akaanza kuokota punje pamoja naye.

"Sanda nimekukunjia," Mwaija alisema. "Ungekufa, ningekaa eda yangu, ningekulilia, ningekuwa mjane wa Isihaka. Hiyo ningeiweza. Lakini hii! Umenifunga kama gunia, ukanitia kwenye mizigo yako ya tahadhari, na kinywa ninacho!"

"Nitawahi," Isihaka alisema. "Wallahi nitawahi."

Kesho yake Mwaija alimsindikiza mpaka Korogwe hata hivyo, maana hasira haimzuii mtu kumsindikiza mumewe. Walilala kwa Chausiku, asubuhi wakaenda stesheni. Gari moshi lilipoanza kusogea, Isihaka alitoa kichwa dirishani na kumtazama Mwaija mpaka akapotea. Mwaija hakupunga mkono. Alikuja kulijutia hilo mwaka mzima.

Miezi ikapita, Hija ikapita. Mahujaji wakaanza kurudi, na siku moja Sadala akashuka kwenye lori, amekonda, kilemba kipya kichwani. Alikuwa peke yake. Mwaija alitoka shambani mbio, jembe mkononi.

"Shemeji, yuko wapi?"

Sadala alianza kulia kabla ya kusema. Isihaka alishikwa na homa ya matumbo siku za kuondoka. Hata kusimama hakuweza. Wakubwa wa bandari wakakataa asipande meli, wakampeleka hospitali ya Jidda, na meli haingoji mtu. "Nilimwacha anapumua, shemeji. Zaidi ya hapo sijui, Mungu ananiona."

Mwaija aliketi chini pale pale barabarani. Anapumua! Hilo tu ndilo alilopewa. Kila lori lililotoka Handeni mjini akawa analiendea, na kila aliyekwenda Tanga akampa ujumbe wa kuuliza bandarini. Tayabali, mtu mwema yule, aliwaandikia ndugu zake Mombasa, wakajibu kwamba hawana habari. Isihaka mwenyewe hakujua kuandika, na Chausiku kule Kilole alikuwa akienda stesheni kila gari moshi la Tanga linapoingia, anarudi na macho mekundu.

Hiza, kama kawaida ya watu wa namna yake, hakungoja. Alianza kwa kuja kuhesabu mbuzi. Halafu akahamisha mpaka wa shamba la mihogo. Halafu akaanza kukaa barazani jioni, kwenye kigoda cha kaka yake.

"Shemeji," alisema, "si vizuri mwanamke kukaa peke yake. Ramadhani ikiingia utakuwa umeachika. Sasa utakwenda wapi, na umri huo? Mimi nipo."

"Ninaye mume," Mwaija alimjibu. "Inuka kwenye kigoda chake."

Lakini usiku alikuwa akihesabu miezi. Mfunguo Nane ukaisha. Mfunguo Tisa ukaisha. Rajabu ukaingia, mvua za masika zikaanza, Shaabani ikaandama. Ile hasira yake ya mwanzo ilikwisha zamani, akabaki na ombi moja, usiku na mchana: arudi kabla ya mwezi. Akirudi mgonjwa, sawa. Akirudi kilema, sawa. Lakini akanyage ndani ya nyumba hii kabla ya mwezi.

Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani mbingu ilikuwa nzito tangu alfajiri. Watu walikula na kunywa, wanavunja jungu, na jioni wote wakakusanyika mbele ya msikiti kuutafuta mwezi, ingawa hata vilima havikuonekana kwa mawingu. Mwaija hakwenda. Alikuwa mbali, kwenye shamba la mahindi, anafukuza ngedere, na kwa kweli alikuwa anakimbia kutazama juu. Jua likazama. Akachukua jembe aondoke. Upepo ukavuma kidogo upande wa magharibi, na mawingu yakaachana kama mtu aliyefungua mlango kuchungulia nje.

Na mwezi ulikuwa pale. Mwembamba, mweupe, umelala. Hakuna wa kumwambia kwamba macho yamemdanganya. Aliutazama mpaka mawingu yakafunga tena.

Mwaija hakupiga kelele. Watu wote Handeni wakiuona mwezi huita, watoto hurukaruka, vibati hupigwa. Yeye alikaa kimya katikati ya mahindi, mkono mdomoni. Amekwisha kuachika. Hivi hivi, katikati ya mahindi, bila ya mtu hata mmoja kumwambia pole.

Alipofika nyumbani, watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini. "Haukuonekana!" walikuwa wakiambiana. "Mwalimu kasema tukamilishe thelathini. Kesho tunavunja jungu tena!" Hata waliotoka Handeni mjini walisema huko nako haukuonekana. Mwaija aliwapita kichwa kimeinama. Angesema nini? Akisema, Hiza atakuwa barazani kabla uji haujaiva. Nitasema kesho, aliwaza. Wacha nilale mke wa Isihaka usiku mmoja. Siku moja tu, jamani, nani ananyimwa siku moja?

Lakini kwa Mungu hakuwa na ujanja. Ameuona mwezi kwa macho yake, na funga imemlazimu. Alikula daku gizani, bada ya unga wa mihogo na mboga iliyolala, akanuia.

Siku ile majirani walipika kana kwamba ni harusi. Mwaija akakataa chakula nyumba hii, akakataa nyumba ile, anasema tumbo linamsumbua. Mchana ulipopinda, akasikia dufu. Halafu vigelegele. Halafu sauti ya Sadala, inapasuka kwa furaha: "Haji kaja! Haji Isihaka kaja!"

Mwaija alitoka nje. Njia nzima ilikuwa imejaa watu, na katikati yao alikuwepo yeye, mifupa mitupu, ndevu nyeupe, furushi begani, matope mpaka magotini. Alikuwa hai! Isihaka alikuwa hai, anacheka na kulia pamoja, na watu wanamgusa nguo wapate baraka.

"Nilipona, nikakosa nauli," alikuwa akisema huku anatembea. "Nikafunga mizigo bandarini Jidda, na walipoona ninavyofunga, mabwana wale hawakutaka kuniachia! Nimefika Korogwe, daraja limekatika. Chausiku ananililia, mimi nalililia daraja! Jana magharibi ndiyo nimefika Handeni mjini. Nikauliza watu wote, mwezi vipi? Wakasema haukuonekana, kesho ni Shaabani. Nikasema alhamdulillahi, nikalala, alfajiri nikaanza kutembea." Akamgeukia Mwalimu Athuman aliyekuja mbio na kanzu mkononi. "Mwalimu! Nimewahi?"

"Umewahi, Haji!" Mwalimu alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Leo ndiyo thelathini. Umewahi kwa siku moja!"

Isihaka akavuka kizingiti. Akaingia ndani ya nyumba yake mguu wa kulia, na watu wakapiga takbiri mpaka makuti yakatetemeka. Hiza alisimama nje peke yake, uso umemshuka. Mwaija alirudi ndani, akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alitaka kucheka, alitaka kupiga yowe. Mume wake yuko mbele yake, na si mume wake!

Isihaka alifungua furushi, akahangaika na mafundo yake, akatoa chupa ndogo ya bati. "Zamzamu," alisema. "Nimelala nayo kifuani miezi yote hii. Nilisema sitaifungua mpaka nifike, na wa kwanza kuinywa ni Mama Chausiku." Akamimina ndani ya kikombe, asimwage hata tone. "Nilikukosea, Mwaija. Huko kitandani Jidda nilikuwa nalia kwa maneno yale. Nilikufunga bila kukuuliza. Kunywa, mke wangu, unisamehe."

Chumba kizima kikamgeukia. Mwaija alipokea kikombe. Kilikuwa baridi. Funda moja tu, na mambo yamekwisha. Hakuna aliyeuona mwezi ule ila yeye. Watu wa Handeni hawakuuona, Mwalimu hakuuona, Hiza hakuuona. Funda moja, alale na mumewe, wazeeke, na hakuna mtu duniani atakayejua. Alikileta kikombe mpaka midomoni. Alimtazama Isihaka usoni, namna alivyokuwa amechoka na namna alivyokuwa akimwamini.

Akakishusha.

"Nimefunga," alisema.

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Kadha," Mwalimu Athuman alisema upesi, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba. "Unalipa kadha ya Ramadhani iliyopita, siyo, Mwaija? Wanawake wengi wanalipa siku hizi. Sema ni kadha."

"Si kadha, Mwalimu." Machozi yalikuwa yanamwagika, naye hakuyafuta. "Jana magharibi nilikuwa shambani. Mawingu yalifunguka. Nimeuona."

"Uongo!" Sadala alimaka. "Peke yako? Nani shahidi wako?"

"Kwa nafsi yake mwenyewe hahitaji shahidi," Mwalimu alisema polepole, akakaa chini kwenye mkeka, akafunika uso.

Isihaka hakuuliza mara ya pili. Alimjua Mwaija. Alibaki kusimama, chupa mkononi, anamtazama kama mtu aliyepigwa na gogo na bado hajaanguka. Mwaija akavuta kanga yake polepole, akajifunika kichwa na uso, kama mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume wa watu.

Alipoliona hilo, Isihaka akainamisha macho. Akaweka chupa chini. Akatembea kinyumenyume mpaka mlangoni, akavuka kizingiti, akasimama nje kwenye matope, mbele ya watu wote na mbele ya Hiza.

"Niwie radhi, mama," alisema. "Niliingia bila kupiga hodi."